Bahati nasibu za kripto: uthibitisho wa droo unathibitisha nini hasa?

Tovuti za bahati nasibu zinazochezeshwa kwa Bitcoin au Ether hupenda kujinadi kwamba droo zao zinaweza kukaguliwa na mtu yeyote. Mara nyingi ni kweli. Kasoro iko kwa msomaji, anayeichukua kauli hiyo kuwa cheti cha usafi wa kila kitu: namba, tiketi, zawadi, hadi mwenye tovuti. Uthibitisho wa kihisabati hujibu swali moja tu kwa wakati mmoja, na mlaghai mwenye akili atakupa jibu sahihi la swali ambalo hana haja ya kulichezea.

Dhana: "Hashi ilitangazwa kabla ya droo, kwa hiyo matokeo hayawezi kupangwa"

Tuanze na hii, maana ndiyo iliyoenea kuliko zote. Mchezeshaji huchagua namba ndefu ya siri, inayoitwa mbegu. Huipitisha kwenye SHA-256, kanuni iliyochapishwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2001, na kupata hashi: mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Hashi hiyo hutangazwa kabla ya tiketi kuuzwa. Droo ikimalizika mbegu hufichuliwa, nawe unaikokotoa upya. Hashi zikilingana, mbegu haikubadilishwa. Wazo hili la kujifunga kwanza na kufichua baadaye limeitangulia Bitcoin kwa miaka mingi. Manuel Blum alilieleza mwaka 1981 alipoonyesha jinsi watu wawili wasioaminiana wanavyoweza kurusha sarafu kwa njia ya simu.

Ukweli ni kwamba hashi ni bahasha iliyopigwa lakiri: inakuhakikishia kuwa barua haikuguswa tangu ifungwe, lakini haikuambii mwandishi aliandika rasimu ngapi kabla ya kuifunga. Mchezeshaji anayejua mapema namba ya ushindi itakavyokokotolewa anaweza kujaribu mbegu milioni moja, kazi ambayo kompyuta ya kawaida huimaliza kwa sekunde chache. Anachagua ile inayoipa ushindi tiketi namba 417, anamwekea rafiki yake tiketi hiyo, ndipo anatangaza hashi. Wachezaji wote watakagua, na hesabu zote zitakubali.

Kinachohitajika ni kuingiza kitu ambacho mchezeshaji hakukijua alipoifunga ile bahasha. Katika michezo ya kete ya mtandaoni, kitu hicho ni mbegu ya mchezaji mwenyewe, inayochanganywa na ile ya siri pamoja na namba ya mzunguko. Ni njia nzuri, ila ina sharti ambalo wengi hawalitimizi: lazima uibadilishe mbegu yako mwenyewe, baada ya kuiona hashi. Mbegu uliyopewa na tovuti, tovuti iliijua.

Kwenye droo ya watu elfu jambo hilo huwa gumu zaidi. Kila mtu akichangia mbegu yake hadharani, wa mwisho kuchangia anaziona za wenzake wote na anaweza kutafuta ya kwake kwa kukokotoa. Mkisema wote mfunge kwanza na kufichua baadaye, wa mwisho kufichua ataujua mshindi kabla ya wengine na anaweza kukaa kimya, droo ikavunjika. Ndiyo maana bahati nasibu nyingi hukimbilia kwenye bloku, yaani fungu la miamala linaloongezwa kwenye blokucheini, daftari la pamoja la mtandao wa sarafu ya kidijitali.

Dhana: "Hashi ya bloku haimo mikononi mwa mtu yeyote"

Utaratibu huwa hivi: mauzo yanafungwa, kisha namba ya ushindi inatolewa kwenye hashi ya bloku ya Bitcoin iliyotajwa mapema kwa namba yake, ambayo bado haijachimbwa, yaani kompyuta zinazoshindana kuikokotoa hazijaipata. Kwa zawadi ndogo, mimi ningeuchagua utaratibu huu kuliko mbegu ya siri peke yake, bila kusita.

Lakini bloku ina mtu nyuma yake. Mchimbaji aliyepata bloku isiyompa ushindi anaweza kuitupa na kungoja nyingine ije. Akiitupa anapoteza malipo yake, ambayo tangu Aprili 2024 ni bitcoin 3.125 pamoja na ada za miamala. Zawadi ikiwa ya thamani ya simu, hakuna mwenye akili timamu atakayefanya hivyo. Zawadi ikizidi malipo hayo mara nyingi, na mchimbaji akiwa na fungu kubwa la tiketi, hesabu inaanza kumnong'oneza mambo mengine. Kwenye Ethereum, mtandao wa sarafu ya Ether, gharama ya hila ni ndogo zaidi. Tangu Septemba 2022 mtandao huo hauchimbwi, na nasibu yake hukusanywa kutoka kwa wathibitishaji, yaani walioweka dhamana ili waunde na kuidhinisha bloku, wanaopokezana kila sekunde 12. Anayeangukia zamu ya mwisho kabla ya droo yako ana hiari ya kuchangia au kutochangia, yaani anachagua kati ya matokeo mawili.

(Jambo dogo, lakini nimeliona likipuuzwa: hashi ya bloku ya Bitcoin huanza na sifuri nyingi, kwa sababu ndivyo uchimbaji unavyotaka. Anayechukua tarakimu za mwanzo kuchezesha droo atatangaza sifuri kila mara. Zichukuliwe za mwisho, au hashi nzima ikokotolewe tena.)

Kuna vyanzo vya nasibu vilivyoundwa kuziba mianya hii. Kimoja hutumia kanuni iliyobuniwa na Micali, Rabin na Vadhan mwaka 1999, ambamo mwenye ufunguo wa siri hutoa namba pamoja na ushahidi kwamba hakukuwa na namba nyingine ambayo angeweza kuitoa. Chainlink huuza huduma ya aina hiyo kwa mikataba ya kidijitali, yaani programu zinazojiendesha zenyewe kwenye blokucheini. Kingine ni drand, inayoendeshwa tangu 2019 na muungano wa taasisi uitwao League of Entropy. Huko namba hupatikana pale tu idadi ya kutosha ya wanachama inapochangia vipande vyao, hivyo mmoja peke yake hawezi kuijua kabla ya wakati. Ukikuta droo inayotumia chanzo kama hicho, na duru itakayotumika ikatajwa kabla ya mauzo kufungwa, sehemu ya namba imekaa vizuri. Sehemu ya namba tu.

Dhana: "Ni mkataba wa kwenye blokucheini, hauwezi kuchezewa"

Mkataba wa kidijitali hutenda kile kilichoandikwa, pamoja na makosa yake. Oktoba 2017 bahati nasibu iliyoitwa SmartBillions iliwaalika wadukuzi waujaribu mkataba wake uliowekewa ether 1,500. Mmoja akaondoka na 400. Kosa lilikuwa hili: mkataba wa Ethereum wakati huo uliweza kusoma hashi za bloku 256 za karibuni tu, na ukiuliza ya zamani zaidi ulijibiwa sifuri. Aliyeweka dau kisha akasubiri bloku hizo zipite alijua "nasibu" itakuwa nini, akaibashiri sifuri yake kwa raha zake. Kilichonivutia zaidi ni kilichofuata. Wenye mradi waliziondoa ether zilizobaki. Hawakuiba, zilikuwa fedha zao, lakini kumbe mlango wa wenye nyumba ulikuwepo wakati wote.

Siku hizi mikataba mingi imejengwa kwa tabaka mbili, moja ikipokea fedha na nyingine ikiwa na kanuni zinazoweza kubadilishwa na mwenye ufunguo wa utawala. Kanuni ulizozisoma leo huenda zisiwe za kesho.

Dhana: "Nilibonyeza Thibitisha, ikatoka alama ya kijani"

Kitufe hicho kiliandikwa na nani? Kokotoa mwenyewe, kwa programu isiyo ya tovuti hiyo. Kwenye Linux ipo sha256sum. Ijaribu kwanza kwa neno abc: hashi yake lazima ianze na ba7816bf. Isipoanza hivyo, angalia kama programu imeongeza alama ya mstari mpya mwishoni. Kosa hilo dogo hubadilisha hashi nzima, na limewafanya watu wengi wapige kelele za wizi mahali ambapo hapakuwa na wizi.

Kisha fuatilia jinsi hashi inavyogeuzwa kuwa namba ya tiketi, kwani hapa panaweza kufichwa upendeleo usiohitaji siri yoyote. Tuseme droo ina tiketi 100, kuanzia 0 hadi 99, na mchezeshaji anachukua baiti moja, yaani namba kati ya 0 na 255, anaigawa kwa 100 na kutwaa baki. Tiketi za 0 hadi 55 zina njia tatu za kushinda. Za 56 hadi 99 zina mbili tu. Kila mtu atapata jibu lilelile akikagua, na bado waliopewa tiketi za mwanzo wana nafasi kubwa kwa nusu zaidi kuliko wenzao. Mchezeshaji mwaminifu huchukua baiti nyingi hadi tofauti hiyo iwe kama haipo, au huzitupa namba za kuanzia 200 na kuchukua baiti nyingine.

Dhana: "Mitambo yao imekaguliwa na wataalamu"

Ukaguzi ni mzuri, lakini hauzuii mkono wa ndani. Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa mifumo katika chama cha bahati nasibu za majimbo ya Marekani. Aliingiza kwenye programu ya kutoa namba kipengele kilichofanya matokeo yatabirike katika siku tatu za mwaka, masharti fulani yakitimia. Tiketi ya Hot Lotto ya Desemba 2010, yenye zawadi ya dola milioni 16.5, ndiyo iliyomfichua, na mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Dhana: "Droo elfu moja bila mshindi, huu ni wizi"

Si lazima. Kama kila droo ina nafasi moja kati ya elfu ya kutoa mshindi, uwezekano wa droo elfu moja kupita kavu ni takriban asilimia 37.

Dhana: "Tiketi zote zinaonekana hadharani, kwa hiyo nawajua washindani wangu"

Unaziona anwani, huwaoni watu. Anwani mia tano zinaweza kuwa za mtu mmoja, naye akawa mchezeshaji, kwa kuwa kufungua anwani hakugharimu kitu. Akijipa nusu ya tiketi bila kuzilipia, droo itakuwa halali kwa kila kipimo na bado nusu ya nafasi ni zake. Hapa hashi haikusaidii. Linganisha idadi ya tiketi na fedha zilizoingia kwenye mkataba, na uangalie kama orodha ilifungwa, kwa hashi yake yenyewe, kabla ya chanzo cha nasibu kujulikana. Hata hivyo, fedha zilizoingia zinaweza kuwa za mchezeshaji, zinazozunguka na kumrudia kama kamisheni. Kwa hiyo fuatilia pia kamisheni hiyo inakwenda kwenye anwani gani, na anwani hiyo imewahi kumtumia nani.