Maonyesho ya wanyama Marekani: ninayoyaweka juu na sababu zake

Ubishi kuhusu bustani za wanyama za Marekani huishia kwenye majina makubwa: huyu San Diego, yule Bronx, mwingine Omaha, na kila mtu anabaki na msimamo wake. Kipimo hicho ni kikubwa mno. Bustani ya ekari 265 kama ya Bronx haimalizwi kwa siku moja, na anayelazimisha kuimaliza anapita mbele ya wanyama wote bila kumtazama hata mmoja. Afadhali tulinganishe banda kwa banda.

Mimi hutumia maswali matatu. Mnyama ana nafasi ya kuamua nini mwenyewe: kupanda, kujificha, kuhama, kukaa na nani? Mgeni anaona nini hapo asichoweza kukiona kwingine? Na la tatu, ambalo wengi hulisahau: saa saba mchana, Jumamosi ya Julai, kukiwa na joto na msongamano, bado kuna cha kutazama? Banda linalopendeza asubuhi pekee nalishusha daraja.

Kwa maswali hayo, nafasi ya kwanza naipa Congo Gorilla Forest ya Bronx Zoo, New York. Ilifunguliwa mwaka 1999, ina ekari 6.5 na iligharimu takriban dola milioni 43. Ubora wake uko kwenye mpangilio wa njia. Unaingia msituni kwanza: mbega, kisha okapi (mnyama wa jamii ya twiga), kisha mandrili na nguruwe wekundu wa mtoni. Baada ya hapo unaketi ndani ya ukumbi mdogo na kutazama filamu fupi kuhusu misitu ya Afrika ya Kati. Filamu ikiisha, pazia la sinema linapanda, na nyuma yake kuna kioo kipana chenye gorila wenyewe upande wa pili. Kisha unatembea ndani ya ushoroba wa vioo unaopita katikati ya makazi yao. Watu wengi hukimbilia kioo cha kwanza na kujazana pale. Waache. Nenda moja kwa moja kwenye ushoroba, simama kwenye kona, tulia dakika 10. Gorila wadogo ndio huja kwanza kuchungulia watoto wa upande wa pili, na mama zao hufuata.

Gorila hawa ni wa nyanda za chini za magharibi. Wale wa milimani, wa Virunga na Bwindi, hawafugwi katika bustani yoyote ya Marekani, kwa hiyo msomaji wa Goma, Musanze au Kisoro asidhani anakwenda kuona wanyama wa kwao. Kwa msomaji wa Goma, okapi ndiye wa kwao hasa. Porini anaishi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pekee, na hata huko, kwenye msitu wa Ituri, ni nadra kumwona kwa sababu anasikia mapema na kutoweka kimya. Pale Bronx unaweza kumtazama kwa utulivu: milia ya mapajani, masikio makubwa yanayozunguka kila moja kivyake, na ulimi mrefu wa rangi iliyokoza anaoutumia kuchuma majani na hata kujisafisha macho. Ongea kwa sauti ya chini na usitikise kizuizi. Okapi akishtuka huingia kivulini na hatoki tena kwa muda mrefu.

Mwisho wa njia, bustani hii iliwapa wageni nafasi ya kuchagua mradi wa uhifadhi ambao sehemu ya kiingilio chao ingeusaidia. Hilo nalihesabu kuwa sehemu ya onyesho. Shirika linaloiendesha bustani hii, Wildlife Conservation Society, linafanya kazi ndani ya misitu hiyo hiyo ya Kongo, kwa hiyo uhusiano kati ya kioo cha New York na msitu wenyewe si wa maneno matupu. Angalizo moja la pesa: tiketi za nafuu za Jumatano hazifungui kila sehemu ya bustani. Kabla ya kulipa, soma tiketi yako inajumuisha nini.

Kwenye swali la kwanza, la uamuzi wa mnyama, kuna mshindani ambaye hatajwi vya kutosha. Bustani ya taifa ya Smithsonian, Washington, ilianzisha mwaka 1995 njia ya angani ya orangutani. Ni minara ya chuma iliyounganishwa kwa kebo, juu ya vichwa vya watu, kutoka nyumba ya nyani wakubwa hadi jengo jingine. Orangutani halazimishwi kupanda. Akitaka anavuka, asipotaka anabaki. Kinachowazuia kushuka katikati ya umati ni kinga yenye umeme wa mshtuko mdogo iliyozungushwa kwenye minara. Siku ya baridi au mvua huoni kitu, na hapo ndipo watu wanapokosea: wanafika Januari na kulalamika. Nenda siku yenye jua na joto la wastani, kabla ya adhuhuri. Kiingilio ni bure, ila pasi ya kuingia huchukuliwa kabla kupitia mtandao.

Ili kuelewa kwa nini mabanda mengi mapya yanafanana, lazima urudi Seattle. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bustani ya Woodland Park, chini ya David Hancocks, ilijenga makazi ya gorila yaliyosanifiwa na kampuni ya Jones & Jones kwa wazo jipya: mgeni aingie kwenye mandhari ya mnyama badala ya mnyama kuwekwa kwenye jukwaa la mgeni. Mimea ile ile inapandwa pande zote mbili za kizuizi. Handaki linafichwa. Njia ya watu inashushwa ili mnyama awe juu au usawa wa macho. Sehemu za kutazamia zinapinda ili usione wageni wengine ng'ambo. Ukishazijua mbinu hizi nne utaziona kila mahali, na utajua haraka palipojengwa kwa pesa tu bila kufikiri.

Tatizo la mtindo huu ni kwamba unaweza kumridhisha mgeni na kumwacha mnyama mikono mitupu. Mti wa zege unapendeza kwenye picha, lakini tawi la zege halinesi, halivunjiki, halina maganda ya kubandua wala mdudu wa kutafuta. Mti hai nao huzungushiwa waya wa umeme ili usiliwe, kwa hiyo kwa tumbili ni kama haupo. Ukifika kwenye banda lolote la "msitu," tafuta kitu kinachosogea mnyama anapokigusa: kamba, nyavu, matawi mabichi yaliyoletwa asubuhi, nyasi ndefu, udongo wa kuchimbwa. Vikikosekana, hiyo ni picha ya msitu tu.

Omaha, Nebraska, inanipa shida kwa sababu hiyo. Lied Jungle ya bustani ya Henry Doorly, iliyofunguliwa 1992, ni ekari 1.5 za msitu chini ya paa moja lenye kimo cha ghorofa nane, na ndani yake maporomoko ya maji ya futi 50. Zege liko tele. Hata hivyo mimea hai imesongamana, na popo na ndege huruka bila kizuizi kati yako na wao. Januari, nje kukiwa na barafu, hakuna mahali pengine katikati ya Marekani pa kulinganisha. Pitia njia zote mbili, ile ya juu kwenye daraja na ile ya chini kwenye udongo. Anayepita moja ameona nusu. Kamera iliyotoka kwenye baridi itajaa ukungu mara tu ukiingia. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, iache humo nusu saa ndani ya jengo ipate joto, ndipo uifungue.

Lakini hazina ya Omaha kwangu iko chini ya kuba la jangwa. Kuba lenyewe, Desert Dome, lilifunguliwa 2002. Lina kipenyo cha futi 230 hivi, na ndani yake majangwa matatu: Namib lenye kilima cha mchanga mwekundu, jangwa la kati la Australia, na Sonora. Ni kazi nzuri. Ukishuka ngazi unaingia Kingdoms of the Night, maonyesho ya wanyama wa usiku yaliyofunguliwa 2003, na hapo ndipo pa kutumia muda wako. Taa zimegeuzwa: usiku huwashwa kwa nguvu ili wanyama walale, mchana hufifishwa ili waamke wakati wageni wapo. Unashuka kwenye mapango ya popo, kisha kinamasi cha ndani chenye mamba wa Marekani, na unatembea kwenye mbao juu ya maji.

Asilimia kubwa ya wageni hutoka huku wakisema hawakuona kitu. Sababu ni macho. Jicho la binadamu lililotoka kwenye mwanga wa kuba linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mtu wa kawaida amemaliza njia nzima kabla ya hapo. Kila anapochungulia simu, macho huanza upya. Zima skrini kabla ya kushuka, simama kwenye chumba cha kwanza angalau dakika 10, tazama pembeni kidogo ya kitu unachokitafuta badala ya kukikazia macho moja kwa moja, kisha tembea polepole. Ukifika mwisho, rudi mwanzo. Mzunguko wa pili ndio utakaokuonyesha wanyama. Bronx nao walikuwa na jengo la aina hii tangu 1969, World of Darkness. Lilifungwa 2009 kwa ukosefu wa fedha na kufunguliwa tena 2025. Kanuni ya macho ni hiyo hiyo.

Arizona-Sonora Desert Museum, nje ya Tucson, inaingia tatu bora zangu bila tembo, twiga wala gorila. Ilianzishwa 1952, na wanyama na mimea yake ni wa jangwa la Sonora lenyewe. Faida yake ni kwamba hakuna cha kuigiza: kaktasi unayoiona ndani ya banda ndiyo iliyoko nje ya uzio hadi mlimani. Kuna kizimba cha ndege wavumaji (hummingbird) unachoingia mwenyewe. Simama mahali pamoja na usipunge mikono. Watakupita karibu na sikio hadi usikie mabawa. Kubwa zaidi ni maonyesho ya ndege wawindaji kuanzia Oktoba hadi Aprili, ambapo mwewe wa Harris huruka huru juu ya watu. Mwewe hawa huwinda kwa kundi, jambo la nadra kwa ndege wa jamii yao, na utawaona wakipokezana vituo kwa mpango. Usimbebe mtoto mabegani wala kuinua simu juu ya kichwa, kwa sababu wanapita kwenye usawa huo huo. Kiangazi joto huzidi nyuzi 40, kwa hiyo fika mlango unapofunguliwa, ukiwa na kofia na maji yasiyopungua lita moja kwa kila mtu.

Sasa Kilimanjaro Safaris ya Disney, Florida, ambayo Waswahili waishio Marekani huiuliza kuliko zote. Ilifunguliwa Aprili 1998, ina ekari 110 hivi, na gari linazunguka kwa dakika 20 hivi. Ufundi wake naukubali: mahandaki na vizuizi havionekani, mibuyu ni ya kutengenezwa, chakula hufichwa pale gari litakapopita, na kijiji cha Harambe kimejengwa kwa sura ya miji yetu ya pwani, hasa Lamu, kuta zikiwa zimechakazwa kwa makusudi. Aliyezaliwa huko afike atazame jinsi kwao kulivyonakiliwa. Lakini gari halikungoji. Mnyama akianza kufanya jambo la maana, wewe umeshapita. Panda gari la kwanza la asubuhi, kisha tumia saa nzima kwenye njia ya miguu ya Gorilla Falls iliyo jirani, ambako unaamua mwenyewe mahali pa kusimama.

San Diego siiweki tatu bora, na najua wengi watapinga. Kama bustani nzima inaongoza: hali ya hewa inaruhusu wanyama kukaa nje mwaka mzima, na mimea yake peke yake inastahili safari. Lakini ni makorongo yenye miinuko mikali, foleni ya panda waliofika 2024 inaweza kukumalizia asubuhi, na banda moja la kushindana na lile la Bronx silioni. Ukienda, anza na eneo lake liitwalo Ituri Forest. Dallas itazamwe kwa jambo moja: Giants of the Savanna, iliyofunguliwa 2010, huchanganya tembo, twiga na pundamilia kwenye uwanja mmoja. Saint Louis ni bure, na kizimba chake cha ndege cha maonyesho ya dunia ya 1904 bado kimesimama, mtu anakipita ndani.

Popote uendapo, hakikisha kwanza bustani ina ithibati ya AZA, chama cha bustani za wanyama na akwaria kinachokagua wanachama wake upya kila baada ya miaka 5. Vibanda vya kando ya barabara vinavyokualika kumshika mtoto wa simba vipite. Chagua mabanda matatu tu, na uanze na lililo mbali zaidi na lango, kwa sababu umati husambaa kuanzia mlangoni. Angalia tovuti asubuhi hiyo hiyo: wanyama wa nchi za joto hufungiwa ndani baridi ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, na makundi ya gorila huingizwa kwa zamu. Kupiga picha kwenye kioo, gusisha lenzi kwenye kioo chenyewe kwa pembe kidogo, zima fleshi, vaa nguo nyeusi. Na kama familia itatembelea bustani mbili au tatu kwa mwaka, kata uanachama wa ile ya mjini kwenu iliyo kwenye mpango wa kubadilishana wa AZA. Kadi hiyo mara nyingi hupunguza nusu ya kiingilio kwenye bustani nyingine zilizomo. Beba na kitambulisho chenye picha, maana jina la kwenye kadi hulinganishwa dirishani.