Mnaokuja Kupanda Mikoko Bagamoyo: Dhana Potofu na Ukweli

Kampuni nyingi za Dar zikitaka kuleta wafanyakazi kujitolea huku Bagamoyo huanza na swali lilelile: "Tutapanda miche mingapi?" Nyuma yake kuna dhana inayonikera kuliko zote, kwamba hifadhi hupimwa kwa idadi ya miche iliyochomekwa siku moja, na kwamba tope lolote tupu linasubiri mikoko.

Si kweli. Tope lile pana linaloachwa wazi maji yakipwa mara nyingi halijawahi kuwa msitu, wala halipaswi kuwa. Ni makazi ya kaa na minyoo, na ndipo sululu na ndege wengine wanaokimbia baridi ya kaskazini wanapokula. Mche ukichomekwa pale hufunikwa na maji kwa saa nyingi mno. Mizizi hukosa hewa, mawimbi huutikisa, mwani huuzonga, unakufa. Mmepoteza mche, na malisho ya ndege mmeyakanyaga.

Tena mche wenyewe karibu kila mara ni wa aina moja tu ya mikoko, ile inayoitwa mkoko hasa, kwa sababu mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka. Lakini msitu una aina nyingi, na kila moja ina mahali pake. Mlilana hutangulia mbele, unakopigwa na bahari. Mkoko hufuata, hasa kandokando ya mifereji. Mkandaa na msinzi huja nyuma yake. Mchu utaukuta hata karibu na nchi kavu. Ukipanda mkoko mahali pa mlilana, hujasaidia chochote.

Ombi langu kwa kila timu: kabla ya kushika mche, ulizeni kwa nini mahali hapo hapajaota penyewe. Kama kuna msitu jirani, mbegu hazikosekani, maji huzisambaza. Kinachokosekana mara nyingi ni maji kuingia na kutoka: mfereji umezibwa na magogo na plastiki, au tuta la shamba la chumvi lililoachwa bado limefunga njia. Timu inayoshinda kutwa na majembe ikifungua mfereji kama huo, kwa kibali, naithamini kuliko miche elfu. Na kama kweli panahitaji kupandwa, tengeni fedha za kurudi mwaka unaofuata kuhesabu iliyo hai.

"Kusafisha ufuo ni kuondoa kila kitu." Hapana. Zoeni plastiki na nyavu chakavu. Majani ya bahari yaliyokauka yaacheni. Hushika mchanga na hulisha vijidudu wanaoliwa na ndege. Makombe nayo msibebe.

"Watoto wa kasa wabebwe mpaka majini." Waacheni watambae wenyewe, na zimeni tochi na simu, maana hufuata mwanga na kupotea. Mayai ndiyo kabisa msiguse: saa chache baada ya kutagwa kiinitete hujishikiza kwenye ganda, na yai likigeuzwa kinaweza kufa. Kule Madete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, fuateni maelekezo ya waangalizi.

"Kupanda miti hakuhitaji ruhusa." Misitu ya mikoko ni hifadhi chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Piteni ofisini kwao mapema, kisha serikali ya kijiji, na mketi na wavuvi na kina mama wanaookota chaza. Hao ndio wanaojua maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, yanafika wapi na mfereji upi umeziba.