Je, wajua kwa nini gari lenye injini kubwa linaweza kushindwa na tela la ng'ombe wawili?

Anayetafuta gari lililotumika la kuvutia tela la mifugo kwa kawaida humuuliza dalali kwanza: injini gani? Si swali baya, ila lina matatu mbele yake. Gari litasimamaje likiwa na mzigo? Chesisi iko hali gani? Na uzito wa tela utaegemea wapi? Kuvuta kwenyewe ni rahisi. Hata Noah inaweza kuling'oa tela la tani moja na nusu hapa Tanga mjini, maana mji ni tambarare. Kazi inaanza Mombo, mlima unapoanza.

Tuanze na uzito. Farasi Tanga ni wa kuhesabu, wanaosafirishwa zaidi ni mitamba ya maziwa, lakini hesabu ni moja. Farasi mzima wa kupanda ana kilo 500 hivi. Mtamba chotara aliyeshiba ana 350 mpaka 400. Tela tupu la wanyama wawili, lenye sakafu ya mbao na paa, hufika kilo 900. Kwa hiyo mitamba miwili pamoja na majani na dumu la maji inakupa kama kilo 1,750, na farasi wawili wanavuka 1,900. Ongeza gari lenyewe, dereva na mchungaji: umekaribia tani 4 barabarani.

Sasa zipeleke Lushoto. Mombo iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu 1,400, na katikati kuna kilomita 33 hivi za kona zinazopitia Soni. Kupanda kutakuchosha tu. Hatari iko kwenye kushuka. Tani 4 zikishuka mita 1,000 zinaachia nishati ya megajuli 39 hivi, karibu sawa na iliyomo kwenye lita moja ya dizeli. Ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji yaliyotoka mtungini. Nishati hiyo lazima iende mahali. Dereva akiwa ameng'ang'ania pedeli, sehemu kubwa inaishia kwenye diski, pedi na brekishu, na joto linapanda mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani haina uchoyo wa unyevu. Yaliyozeeka huchemka mapema, yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea mguu unapokanyaga. Pedeli inazama, gari halisimami. Baadaye vikipoa breki zinarudi kama kawaida, ndiyo maana fundi anaweza kulikagua gari kesho yake asione tatizo.

Kwa hiyo gari la kazi hii linatakiwa liwe na uwezo wa kujizuia kwa gia. La gia za mkono lishuke na gia ileile ambayo lingepandia. La otomatiki liondolewe O/D, yaani gia ya juu kabisa, kisha lever ishushwe hadi 2, na L kwenye kona kali. Gari ambalo otomatiki yake haikuruhusu kuchagua gia ya chini liache liende zake, hata kama viti vyake ni vya ngozi.

Tela nalo liwe na breki zake. Mengi yanayochomelewa mitaani hayana kabisa. Aina iliyo rahisi zaidi hufanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linajisogeza mbele, mtaimbo wake unarudi nyuma na kuvuta waya wa brekishu. Bila hizo, breki za gari peke yake zinabeba kila kitu, na mnyama anayehamahama ndani anaweza kulipiga tela ubavuni hadi likayumbisha mkia wa gari. Gunia la mahindi hukaa ulipoliweka. Ng'ombe au farasi ana miguu minne, kifua kilicho juu, na maoni yake kuhusu kona.

Hapo ndipo uzito wa kiungo unapoingia. Kama asilimia 10 ya uzito wa tela inatakiwa ikae juu ya tufe la chuma linaloshika tela. Kwa kilo 1,750 ni kilo 175. Ukiweka pungufu sana, tela linaanza kuyumba kila ukiongeza mwendo. Ukizidisha, pua ya gari inainuka. Chukua Prado ya mfululizo wa 120, yenye umbali wa milimita 2,790 kati ya ekseli na ekseli. Kama tufe liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, zile kilo 175 zinaondoa kilo 75 hivi kwenye magurudumu ya mbele na kuibebesha ekseli ya nyuma kama 250. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika miembe. Ndiyo sababu gari refu ni bora: Hilux Vigo ya dabo kabini ina milimita 3,085, pikapu ya Land Cruiser 79 ina 3,180. Prado fupi ya milango mitatu ni nzuri kwa mengine.

Injini sasa. Nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye karatasi zinadanganya, na hao farasi si wale wa kwenye tela. Tazama toki, yaani nguvu ya kuzungusha, na mizunguko ya injini kwa dakika inapopatikana. Injini ya dizeli 1HZ ya Land Cruiser, ya lita 4.2, haina tabo na ina nguvu farasi kama 130 tu, lakini inatoa Nyutoni-mita 280 hivi kwenye mizunguko 2,200. Petroli ya lita 2.7, ile 2TR, ina farasi wengi zaidi ila toki yake ni chini ya 250, na inaidai kwenye mizunguko 3,800. Mlimani utaisikia ikilia. Faida nyingine ya 1HZ ni hedi (kifuniko cha silinda) ya chuma cha kusubu, na kwa kuwa imefungwa pia kwenye Coaster, vipuri vyake si vya kuhangaikia. Prado ya mfululizo wa 90 yenye injini ya dizeli 1KZ-TE ina hedi ya alumini. Ikichemsha hata mara moja, hedi inaweza kupasuka. Si gari baya, ila likaguliwe bila huruma.

Kulikagua ni hivi. Fika asubuhi injini ikiwa ya baridi, na ushike boneti kwanza, maana wapo wanaolipasha kabla hujafika. Fungua kifuniko cha rejeta, washa. Mapovu yanayoendelea kutoka, au mpira wa juu wa rejeta unaokuwa mgumu kabla injini haijapata moto baada ya kufunga kifuniko, ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inasema maji yameingia kwenye oili. Kwenye dizeli za Toyota zenye mkanda wa taiming angalia taa ya T-BELT, inayokumbusha kuubadilisha na ambayo mara nyingi huwaka kila kilomita 100,000. Kama dashibodi inasoma 90,000 na kanyagio zimeisha mpira, huenda mita imerudishwa nyuma: dai ushahidi kuwa mkanda umebadilishwa.

Kisha lala chini ya gari na nyundo ndogo. Magari yaliyoishi kwenye theluji huko Japani yamepita juu ya chumvi inayomwagwa barabarani, na ya kwetu yanakula chumvi ya bahari. Gonga chesisi pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma. Sauti kavu ni nzima, sauti ya kopo ni kutu iliyofunikwa rangi nyeusi. Rangi mbichi chini ya gari kuukuu itie shaka kuliko kutu yenyewe. Kiungo cha tela kiwe kimefungwa kwenye mihimili yote miwili ya chesisi kwa bolti zenye alama ya uimara ya 8.8 au 10.9 kichwani. Kilichochomelewa kwenye bampa ni pambo. Na Noah yetu, pamoja na nyingine zisizo na chesisi ya kujitegemea, zinaishia hapa.

Mafuta ya gia ya otomatiki yawe mekundu. Yakiwa ya kahawia na kunuka kuungua, limevuta sana. Kwa gia za mkono, weka gia ya nne ukiwa kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta: mizunguko ikipanda mwendo usiongezeke, klachi imekwisha. Tairi ya 265/65R17 yenye namba 112 inabeba kilo 1,120. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ndizo wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na kwa jua letu hiyo ni bibi.

Majaribio ya barabarani usiyafanyie mjini, ambako gari bovu huficha ugonjwa wake. Lipeleke Muheza, ulipandishe kuelekea Amani kwa dakika 20 bila kupumzika, ukitazama mshale wa joto. Shuka kwa gia ya chini. Ukifika bondeni kanyaga breki kwa nguvu mara tatu mfululizo: pedeli ya tatu ikiwa imezama kuliko ya kwanza, umeshapata la kujadili kwenye bei.