Mhakiki wa filamu ni nani hasa? Mcheki James Agee

Ukitaja mhakiki wa filamu wengi wanamfikiria yule jamaa anayekusimulia muvi mwanzo mpaka mwisho, au anayegawa nyota tano afu basi. Hapana. Kuhakiki ni neno la ukoo mmoja na hakika, yaani unakikagua kitu mpaka ukweli wake utoke, kwa hiyo mhakiki anakuambia muvi imesema nini, imesemaje, na ilipodanganya anapaonyesha.

Mimi mfano wangu ni Agee, Mmarekani aliyezaliwa Knoxville, Tennessee, 1909. Ana miaka 6 baba yake akafa kwa ajali ya gari, na kifo kile hakikumtoka maisha yake yote. Akasoma Harvard, akaajiriwa na jarida la Fortune, na 1936 likamtuma Alabama na mpiga picha Walker Evans wakakae na wakulima wa pamba waliokuwa hoi kwa umaskini. Makala haikutoka jaridani, akaigeuza kitabu 1941, zikauzwa nakala kama 600 tu.

Mwaka huohuo ndo akaanza kuhakiki sinema kwenye jarida la Time, halafu 1942 akaongeza jarida lingine, The Nation, mpaka 1948. Safu yake ya kwanza The Nation aliwaambia wasomaji wazi kwamba yeye ni kama wao, kaangalia sinema tangu utotoni na anazipenda ila jinsi zinavyotengenezwa karibu hajui kitu, na hapa ndo ninapompendea, maana hakujifanya mtaalamu, aliangalia kwa macho yake akaandika alichokiona. Mpaka mshairi W. H. Auden, ambaye sinema hazikumvutia kihivyo, 1944 aliandikia jarida barua kuisifu safu hiyo. Na 1947 mchekeshaji Charlie Chaplin alipotoa muvi yake Monsieur Verdoux na waandishi wengi wakaiponda, Agee aliitetea kwenye matoleo matatu, sio aya mbili za kuwahi dedilaini, matoleo matatu mazima!

Baadaye akaanza kuandika skripti mwenyewe. The African Queen ya 1951 aliiandika na mwongozaji wake John Huston, ile stori ya kwenye koloni la Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki wakati wa vita ya kwanza ya dunia, iliyopigwa sehemu kubwa Kongo na Uganda, na skripti ikateuliwa kuwania Oscar. Moyo ukawa unamsumbua, na Mei 1955 akafia ndani ya teksi New York, miaka 45 tu. Riwaya yake kuhusu kifo cha baba, A Death in the Family, aliiacha haijakamilika, ikachapishwa 1957 na 1958 ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi Marekani.

Huohuo 1958 uhakiki wake ulikusanywa kuwa kitabu, na ukiusoma leo, hata muvi ambayo hujawahi kuiona unaelewa kabisa nini kilimgusa na nini kilimuudhi.