Mbebaji wa sikoseli si mgonjwa wa sikoseli

"Watu wa sikoseli hawapati malaria." Kampala utalisikia neno hili kwenye teksi, msibani, hata kwenye foleni ya kliniki. Lina chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayolifanya liwe hatari.

Sikoseli ni hitilafu ya kurithi ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu. Jeni moja hutoka kwa baba, nyingine kwa mama. Zote zikiwa nzima, maabara huandika AA. Moja ikiwa na hitilafu ni AS, yaani mbebaji. Zote mbili zikiwa na hitilafu ni SS, na huyo ndiye mgonjwa.

Kinga inayosemwa ni ya AS. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya kupima damu ya watoto wa eneo la Kampala: vimelea vya malaria vilikutwa kwa takriban 28 katika kila wabebaji 100, na kwa 46 katika kila watoto 100 wasio wabebaji. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba uwezekano wa mbebaji kupata malaria kali, ile ya degedege, kupoteza fahamu na kuishiwa damu, hupungua kwa karibu asilimia 90. Kimelea kikiingia katika chembe yake, chembe hiyo hujikunja upesi na wengu huiondoa kabla vimelea havijazaana sana. Ndiyo maana jeni hii imekithiri kulikojaa malaria, kama Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, kwa watu wa kabila la Baamba: wabebaji wengi zaidi walinusurika utotoni wakaja kuzaa.

Lakini tazama kilichopungua zaidi: ni ukali. Mbebaji bado huumwa na mbu, huambukizwa, na homa humpata.

Na SS? Hapa ndipo ninapoumia kila ninaposikia neno lile. Mtoto wa SS damu yake ni pungufu tangu mwanzo, na wengu wake huharibika angali mdogo. Malaria humshusha damu zaidi na huweza kumuua upesi kuliko mtoto mwingine. Ndiyo sababu kliniki humpa dawa ya kuzuia malaria wakati wote, si anapougua tu. Mzazi akiamini mwanawe "ana kinga", dawa hiyo ataiacha kabatini.

Kwa hiyo ukilisikia tena, usimkaripie msemaji. Muulize taratibu: unamzungumzia AS au SS? Kama ni AS, mwambie alale ndani ya chandarua kama sisi sote, na mchumba wake naye apime, maana wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa SS. Kama ni SS, homa ikianza apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.