Kifafa hakiambukizi, ila mtu anaweza kukipata kwa kuambukizwa

Mtu akianguka kifafa mnadani au stendi, iwe Mbozi au Makambako, bado wapo wanaorudi nyuma kwa kuogopa povu la mdomoni. Povu hilo halimwambukizi yeyote. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko mdomoni. Dakika 5 zikipita hajatulia, mpelekeni kituo cha afya.

Kifafa hakiambukizi. Hata hivyo, Nyanda za Juu Kusini, ambako nguruwe wengi huachiwa wazurure, wapo waliokipata kwa kuambukizwa. Kauli hizi hazipingani. Kinachotuchanganya ni jina “ugonjwa wa kuambukiza”, lililofungia maswali matatu ndani yake: je, umeletwa na kimelea? Je, mgonjwa humpitishia mwenzake? Je, kila mwenye kimelea anaumwa? Pepopunda hujibu ndiyo kwa swali la kwanza na hapana kwa la pili, maana vijidudu vyake hutoka kwenye udongo na samadi.

Sasa tumtazame tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye ndiye kimelea cha kifafa hiki. Anayekula nyama yenye vifuko vya tegu, yaani vichanga vyake, ikiwa haijaiva hapati kifafa, anapata mnyoo tumboni. Baada ya miezi 2 hivi mnyoo hukomaa, ukafikia urefu wa mita kadhaa, na mayai yake hutoka na choo kikubwa. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai hugeuka vifuko kwenye misuli yake. Binadamu akiyameza, kwa mkono usionawa au mboga iliyomwagiliwa maji machafu, vifuko huweza kujijenga ubongoni. Kwa hiyo hata asiyeonja kitimoto maishani huweza kupata kifafa hiki.

Kwenye kitimoto kosa la kawaida ni pande nene: nje limeungua, ndani bado la pinki. Kata vipande vidogo, pika hadi nyama ibadilike rangi mpaka katikati. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 63 na aipumzishe dakika 3. Ya kusaga, nyuzi 71.

Robert Koch, aliyetangaza kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882, alitaka kijidudu kikutwe kwa wagonjwa, kwa wazima kisionekane. Hapa kigezo hicho kinakwama pande zote. Kifuko huweza kukaa ubongoni miaka bila dalili. Mara nyingi mtu huanza kuanguka kinapokufa na ubongo kuvimba kukizunguka. Kikishakauka na kuwa kama chokaa, kimelea hakipo tena hai, lakini kifafa kinaendelea.

Ndiyo sababu mwenye kifafa asijinunulie praziquantel, dawa ya minyoo, dukani: kuua vifuko vingi kwa mkupuo bila kipimo cha kichwa huweza kumletea hali mbaya zaidi.

Kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, vifuko vya tegu vimo kwenye maambukizi, B69; kifafa kimo kwenye mishipa ya fahamu, G40. Anayeandika G40 na kutoa fenobabito, dawa ya kifafa, hajakosea, ila hapo hakuna atakayeulizia choo wala banda la nguruwe. Na swali hilo ni la nyumba nzima. Mwenye mnyoo pengine ndiye mpishi, haumwi popote, ila huona vipande vyeupe bapa vya mnyoo kwenye choo chake. Huyo ndiye wa kupimwa na kutibiwa.