Kuhifadhi malikale: maana yake hasa ni nini?

Mtu akikuambia amehifadhi hati zake, unaelewa kaziweka mahali salama, pengine kabatini na kufuli juu. Akikuambia amehifadhi juzuu kumi, unaelewa jambo jingine kabisa: kaziweka moyoni, na ili zisimponyoke hana budi kuzirudia leo, kesho na keshokutwa. Neno ni lile lile, ila kazi ni mbili tofauti. Uhifadhi wa vitu vya kale katika makumbusho uko karibu zaidi na huu wa pili, ingawa wengi tunaufikiria kwa ile maana ya kufuli.

Uhifadhi wa malikale ni jumla ya kazi zinazofanywa ili kitu cha kale kichelewe kuharibika, na ili yale kinayoyashuhudia yaendelee kusomeka: kilitengenezwaje, kilitumikaje, kilipita katika mikono ya namna gani. Nimesema "kichelewe" makusudi. Hakuna kitu kinachobaki vile kilivyo milele. Chuma kinarudi kuwa kutu, rangi zinapauka, karatasi inageuka njano na kukatikakatika, hariri inapasuka kwenye mikunjo hadi inabaki nyuzi. Mhifadhi hawezi kuyazuia hayo yasitokee kabisa. Anachoweza ni kuyapunguza mwendo, na akifanya kazi yake vizuri, kilichokuwa kiharibike kwa miaka ishirini kinaweza kuchukua karne kadhaa.

Hapo ndipo uhifadhi unapoachana na ukarabati. Anayekarabati kiti anataka kikalike tena, na akihitaji kubadilisha miguu yote minne atabadilisha. Mhifadhi akikipokea kiti hicho hicho anajiuliza kwanza kama mguu uliovunjika wenyewe una la kusema: labda ulivunjika siku ya tukio ambalo ndilo lililokileta kiti makumbusho. Upo pia urejeshaji, yaani kukirudishia kitu sura iliyopotea, kama kujaza pengo la chungu kilichopasuka ili mtazamaji aone umbo lake. Huo unaruhusiwa, lakini kwa kiasi, na kwa namna ambayo mtu akisogea karibu atatambua kipi ni cha zamani na kipi kimeongezwa. Kiraka kinachojificha kwa kila jicho kinamdanganya mtafiti atakayekuja baadaye, na mimi nahesabu hilo kuwa kosa zito kuliko kiraka kibaya.

Kwamba kufuli peke yake halitoshi, lilijifunzwa kwa uchungu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, British Museum ya London iliogopa mabomu, ikahamishia sehemu ya vitu vyake kwenye mahandaki ya reli ya chini ya ardhi. Mabomu hayakuvigusa wala mwizi hakuvifikia. Hata hivyo, vilipotolewa baada ya vita, vyuma vilikuwa vimeshika kutu, shaba zimetoka madoa ya kijani, na chumvi imechomoza juu ya mawe na vyombo vya udongo. Mkemia Alexander Scott aliitwa achunguze, na kazi yake ndiyo iliyozaa maabara ya kudumu ya makumbusho hayo. Berlin ilikuwa imetangulia: mkemia Friedrich Rathgen aliongoza maabara ya makumbusho ya kifalme kuanzia 1888.

Vita vya Pili vikaleta somo la upande wa pili. Picha za kuchorwa za National Gallery ya London zilihamishiwa kwenye machimbo ya mawe ya Manod, huko Wales, mwaka 1941. Ndani ya mlima kulijengwa vyumba ambavyo hewa yake ilidhibitiwa, joto na unyevu vikakaa palepale mwaka mzima. Mafundi waliokuwa wamezoea kubandika vipande vya rangi vinavyobanduka kwenye mbao wakaona kazi hiyo imepungua sana. Picha ziliporudi mjini baada ya vita, mbanduko ukaanza upya. Vita hivyo viwili vilionyesha kwamba adui mkubwa wa kitu cha kale mara nyingi ni hewa inayokizunguka.

Unyevu basi ndio mlango wa kwanza. Ubao, ngozi, pembe na karatasi hunywa maji yaliyomo hewani na kuyatoa tena. Vikinywa hutanuka, vikitoa hujikunja. Ngoma iliyowambwa ngozi ikitoka chumba chenye unyevunyevu kwenda chumba kikavu, ngozi inavutika wakati ubao wa ngoma haujasogea, na mwisho wake ni mpasuko. Kwa hiyo makumbusho mengi hujitahidi unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 40 na 60, na zaidi ya namba yenyewe, usipande na kushuka ghafla. Ukizidi asilimia 65 au 70 kwa muda, kuvu huota. Vyombo vya kudhibiti hali hiyo si lazima viwe vya gharama kubwa. Zile chembe za jeli ya silika, zinazowekwa kwenye maboksi ya viatu vipya, ndizo hizo hizo zinazowekwa chini ya kabati la vioo ili zinywe unyevu uliozidi.

Shaba ina ugonjwa wake, na ndivyo unavyoitwa: ugonjwa wa shaba. Kitu cha shaba kilichokaa muda mrefu ardhini au baharini hufyonza chumvi yenye kloridi. Kikiwekwa kwenye hewa yenye unyevu, kloridi hiyo hukutana na maji na oksijeni, ikatokea asidi, asidi ikala shaba, na shaba iliyoliwa ikazaa tena kloridi ya kuendeleza kazi. Unachokiona kwa macho ni vitone vya unga wa kijani chepesi, laini, vimejitokeza juu ya uso mweusi uliotulia. Ukivifuta kwa brashi vinaondoka. Wiki chache baadaye vimerudi palepale, na chini yake pana kishimo ambacho jana hakikuwepo. Kitu hicho hakihitaji kung'arishwa. Kinahitaji kuwekwa kwenye boksi linalofungika vizuri, lenye unyevu wa chini ya asilimia 40, na kutazamwa mara kwa mara.

Mwanga ni mwizi mpole zaidi. Wageni wengi hulalamika kwamba vyumba vya nguo na michoro vina giza, na nawaelewa, maana wamesafiri kuona. Lakini madhara ya mwanga hujumlishwa. Saa kumi chini ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), ambacho ndicho kiwango cha kawaida kwa nguo na michoro ya rangi za maji, ni sawa na saa moja chini ya luksi 500. Ukiizima taa unasimamisha hasara, ila rangi iliyokwisha kupauka hairudi hata kitu kikikaa gizani miaka mia. Ndiyo maana nguo hutolewa maonyesho miezi michache kisha ikapumzishwa na nyingine ikashika nafasi yake.

Kuna kifaa kimoja kidogo cha kupimia mwanga ninachokipenda kwa urahisi wake. Ni kadi yenye vipande vinane vya sufi, vyote vya buluu, vilivyotiwa rangi kwa namna tofauti. Kipande cha kwanza hupauka upesi, na kila kinachofuata huchukua takriban mara mbili ya muda wa kilichotangulia. Nusu ya kadi hufunikwa, nusu huachwa wazi, kisha inawekwa kando ya kitu kinacholindwa. Baada ya miezi kadhaa unafunua na kulinganisha. Kama kipande cha pili kimeacha alama ya mpaka kati ya upande uliofunikwa na uliokuwa wazi, unajua nguo iliyo kando yake nayo imelipa kitu, hata kama jicho bado halijakiona.

Wadudu nao wana zamu yao. Nondo anayeruka hali nguo, anayekula ni kiwavi wake, naye anatafuta sufi, manyoya na hariri, hasa mahali palipo na jasho au mafuta. Zamani dawa yake ilikuwa sumu: vitu vilipakwa arseniki, zebaki, baadaye DDT. Viwavi walikufa, sumu ikabaki. Wahopi, wenyeji asilia wa Arizona, waliporudishiwa vitu vyao vitakatifu kutoka makumbusho ya Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1990, baadhi vilikutwa na arseniki. Vitu vilivyokuwa virudi kuvaliwa katika ibada vikawa hatari kwa mwenye kuvivaa. Kila nikifikiria uhifadhi uliofanywa kwa nia njema bila kumuuliza mwenye kitu, nakumbuka hilo. Siku hizi kitu chenye wadudu hufungwa vizuri ndani ya plastiki na kugandishwa, mathalani siku tatu kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, au huwekwa wiki kadhaa kwenye hewa isiyo na oksijeni. Mdudu anakufa na hakuna kinachobaki kwenye uzi.

Sasa usafi, jambo linalowatatiza watu kuliko yote. Tumelelewa tukijua kwamba kutunza ni kusafisha. Katika makumbusho, kabla ya kufuta chochote, huulizwa: hili ni vumbi au ni ushahidi? Vumbi la chumba huondolewa, kwa brashi laini au kwa mashine inayovuta taratibu kupitia kitambaa cha wavu ili uzi uliolegea usiende nalo. Lakini masizi ya ndani ya chungu yanaeleza kilichopikwa, na doa la jasho kwenye kola linaeleza kwamba vazi lilivaliwa kweli.

Chukua bakuli la fedha lenye jina lililochongwa ukingoni. Fedha hushika weusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani, na kuling'arisha ni rahisi: kitambaa, dawa, dakika kumi. Ila kila mng'ariso huondoka na utando mwembamba wa fedha. Lisogeze chini ya lenzi baada ya miaka ya kung'arishwa, utaona kingo za herufi zilizokuwa kali zimelainika, mikia imefupika, na herufi ya mwisho imebaki kivuli tu. Bakuli linapendeza, na jina limeondoka. Kwa kiwango kikubwa zaidi, ndivyo ilivyokuwa mwaka 1937 na 1938 pale British Museum, wafanyakazi walipokwangua baadhi ya sanamu za Parthenon, hekalu la kale la Athens, kwa vyombo vya shaba na vitu vya kukwaruza ili ziwe nyeupe zaidi. Sanamu hizo enzi zake zilikuwa na rangi. Weupe uliokuwa ukitafutwa haukuwa wao, na uso uliokwanguliwa hakuna wa kuurudisha.

Kutokana na makosa ya namna hiyo, wahifadhi wamejiwekea sharti: lolote unaloongeza kwenye kitu liweze kuondolewa bila kukiumiza. Gundi ndiyo mtihani wa sharti hilo. Mwaka 1845 mtu mmoja alikivunja Portland Vase, chombo cha kioo cha Warumi, kikawa vipande zaidi ya mia mbili. Kiliungwa mwaka huo huo, vikabaki vipande 37 visivyopata mahali pake. Gundi ikazeeka, kikaungwa upya mwishoni mwa miaka ya 1940. Nayo ile ikageuka njano na kudhoofika, na kufikia 1989 kikawa kimeunganishwa mara ya tatu. Kila fundi aliweza kukifungua kwa sababu gundi ya mwenzake ilikubali kuachia.

Linganisha na barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun, farao wa Misri ya kale. Ndevu zake zilitoka mwaka 2014 na zikabandikwa haraka kwa epoksi, gundi isiyokubali kuyeyushwa. Mwaka uliofuata wataalamu walilazimika kuikwangua kidogo kidogo kwa vijiti vya mbao, kisha wakazirudisha ndevu kwa nta ya nyuki. Leo wengi hutumia gundi iitwayo Paraloid B-72, inayoyeyuka kwa asetoni, na kila hatua huandikwa kwenye ripoti ya hali pamoja na picha za kabla na baada, ili atakayekuja miaka sitini mbele ajue anafungua nini.

Na kazi haina siku ya kukabidhiwa. Merikebu Vasa ilizama Stockholm mwaka 1628 na kuibuliwa mwaka 1961. Ilinyunyiziwa kemikali ya polietilini glikoli kwa miaka 17, kuanzia 1962, ili ishike nafasi ya maji ndani ya mbao zisije zikasinyaa, kisha ikakaushwa taratibu kwa miaka mingine. Ungesema imepona. Majira ya joto ya mwaka 2000 yalikuwa ya mvua, wageni wakaingia na nguo mbichi, unyevu ukapanda, na juu ya mbao yakatokea madoa meupe na ya njano yenye asidi. Salfa iliyoingia merikebuni wakati imelala kwenye maji machafu ya bandari ilikuwa imeamka, ikisaidiwa na kutu ya misumari. Mfumo wa hewa ukaboreshwa, na maelfu ya misumari mikubwa ya chuma ikabadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu. Mbao zake bado zinasogea kidogo kidogo kwa uzito wake zenyewe, na kwenye mwili wake zimewekwa alama ambazo wapimaji huzirudia mara kwa mara, wakiandika kila moja imehama milimita ngapi tangu mara iliyopita.